Kizingiti na Mteremko: Ufikivu wa Watu Wenye Ulemavu katika Majengo ya Kihistoria

Utangulizi

Mlango wa kale wa Waswahili ni mkusanyiko wa sehemu, na kila sehemu ina jina lake. Pembeni husimama miimo miwili. Katikati, pande mbili za mlango zinapokutana, huwapo mfaa. Juu na chini hulala vizingiti. Kizingiti cha chini ndicho chenye maana mbili. Kwa fundi ni ubao au jiwe linalofunga fremu na kuzuia maji na vumbi. Kwa msemaji wa kila siku ni kikwazo chochote: vizingiti vya elimu, vizingiti vya biashara. Mtu atembeaye kwa baiskeli ya magurudumu matatu hahitaji kuelezwa uhusiano wa maana hizo mbili, kwani kwake sitiari na kitu ni jambo moja.

Makala haya yanakusudia kueleza namna majengo yanayolindwa kwa sababu ya historia yake yanavyoweza kufunguliwa kwa watu wenye ulemavu bila kuharibiwa, na kuonyesha umuhimu wa suala hilo kwa Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika.

Lugha na mahali pa ulemavu

Maneno ya asili ya Kiswahili yanayowataja watu wenye ulemavu mengi yana kiambishi ki-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Umbo ni la ngeli ya vitu, lakini upatanisho wa kisarufi ni wa watu: kipofu amefika, viziwi wamefika. Baadaye neno mlemavu lilienea, nalo likamrudisha mtajwa katika ngeli ya m-/wa- hata kwa umbo. Leo maandishi rasmi hupendelea mtu mwenye ulemavu, ambapo utu hutangulia na ulemavu hufuata.

Mabadiliko haya si ya adabu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unaueleza ulemavu kuwa ni matokeo ya mkutano baina ya mtu mwenye upungufu wa kimwili au wa kiakili na vikwazo vilivyomo katika mazingira yake. Kwa maelezo hayo, sehemu ya ulemavu imo katika miguu ya mtu, na sehemu nyingine imo katika ngazi iliyowekwa mbele yake. Anayejenga ngazi anahusika.

Sheria na shaka iliyomo

Mkataba huo unafanya tofauti ambayo msomaji wa haraka huenda asiione. Kifungu cha 30 kinawahakikishia watu wenye ulemavu nafasi ya kuingia katika majumba ya makumbusho, maktaba na kumbi za michezo ya kuigiza. Kwa upande wa minara ya kumbukumbu na mahali penye thamani ya kitaifa, kifungu hicho hicho kinaongeza masharti: kwa kadiri inavyowezekana. Je, jengo la kale lililogeuzwa kuwa makumbusho limo upande upi? Hapo ndipo mabishano mengi huanzia, na hapo ndipo maneno "haiwezekani" hutamkwa mapema mno, kabla mtu hajapima mlango.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliukubali mkataba huo mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria yake yenyewe ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Hata kabla ya hapo, Katiba ya mwaka 2006 ilikwisha kuwatambulia wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Kwa upande wa pili, sheria ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni iliweka kanuni kwamba mali iliyoorodheshwa isibadilishwe ovyo bila idhini. Sheria hizi mbili hazigombani. Ya kwanza inauliza ni nani aingie. Ya pili inauliza ni nini kisipotee.

Mfano wa Jumba la Ajabu

Mfano ulio wazi zaidi katika eneo la Waswahili uko Unguja. Jumba la Ajabu, Beit al-Ajaib, lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Miongoni mwa mambo yaliyowastaajabisha watu ni taa za umeme na lifti, inayosemekana kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Lifti hiyo haikuwekwa kwa ajili ya viwete. Ilikuwa alama ya fahari. Hata hivyo inaondoa hoja moja ya wapinzani, yaani kwamba mashine ya kupandisha watu ni jambo geni lisilopatana na jengo la kale. Katika jumba hilo mashine ni sehemu ya historia yenyewe.

Mji Mkongwe, ambamo jumba hilo limo, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Msiba huo unakumbusha kwamba uimara wa jengo hutangulia yote. Aidha, unafundisha kuwa wakati wa kuujadili ufikivu ni wakati wa kuchora ramani za ukarabati, kabla kuta hazijasimamishwa upya na fedha hazijakwisha.

Njia za kufuata

Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wengi huifuata, inakubali kwamba jengo la kale litumike kwa manufaa ya jamii, mradi mpangilio na mapambo yake yasibadilishwe. Inataka pia nyongeza za lazima zitambulikane na zile za asili. Kutokana na hayo mafundi hufuata kanuni nne.

Kwanza, kupima. Mteremko unaokubalika kwa kawaida ni wa moja kwa kumi na mbili. Kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4, baraza la sentimita 60 linahitaji mita 7.2. Katika kichochoro cha Mji Mkongwe urefu huo haupatikani, hivyo hutafutwa mlango mwingine, wa uani au wa ubavuni. Lakini mlango huo uwe wa heshima, usiwe wa kupitishia taka.

Pili, kuongeza kitu kinachoweza kuondolewa. Mteremko wa mbao au chuma uliotenganishwa na ukuta ni bora kuliko wa saruji iliyogandishwa ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi hukusanyika, na jiwe huanza kumeguka.

Tatu, kutumia kilichopo. Mlango wa pande mbili ukifunguliwa upande mmoja huenda usimpishe mtu mwenye kiti cha magurudumu. Ukifunguliwa pande zote, anapita, na nakshi haijaguswa.

Nne, kukumbuka kuwa si kila ulemavu ni wa miguu. Mstari mweupe kwenye ukingo wa ngazi, kishikio imara, maelezo ya breli, mkalimani wa lugha ya alama na mfano mdogo wa jengo unaoweza kupapaswa ni vitu visivyobomoa hata tofali moja. Ghorofa isipofikika kabisa, vitu vilivyoko juu viteremshwe chini.

Uvira na maji ya ziwa

Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwaka 1858, katika zama za misafara iliyoeneza Kiswahili ng'ambo ya ziwa. Neno baraza liliota mizizi huku Kongo hata likaingia katika Kifaransa cha nchi hiyo, ambamo barza ni kibaraza cha mbele ya nyumba. Baada ya hapo yalikuja majengo ya misheni na ya utawala wa Ubelgiji. Liwe limeorodheshwa au la, jengo la kale la mwambao huu linakabiliwa na tatizo ambalo Unguja haina kwa namna hiyo hiyo. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuleta maafa mjini; katika miaka iliyofuata maji ya ziwa yenyewe yalipanda na kuingia majumbani.

Jibu la kwanza la mwenye nyumba ni kuinua sakafu na kizingiti. Ni jibu la busara, lakini lina gharama isiyotajwa: kila sentimita moja inayoinuliwa inadai sentimita 12 za mteremko. Sakafu ikipandishwa sentimita 30 pasipo kutenga mita 3.6 mbele ya mlango, jengo limeokolewa na maji na limefungwa kwa baadhi ya wenyeji. Tena hao ndio ambao, maji yakija ghafla usiku, huhitaji zaidi njia isiyo na ngazi ya kutokea.

Hitimisho

Jengo la kihistoria hulindwa ili vizazi vilione. Kwa hiyo kumwacha mtu nje ya mlango kwa jina la uhifadhi ni kulinda ganda na kuisahau mbegu. Maneno "kwa kadiri inavyowezekana" yasomwe kama wajibu wa kupima, kuchora na kujaribu, na wala si kama ruhusa ya kukataa. Kizingiti cha mbao kibaki mahali pake. Kile kingine ndicho kiondolewe.