Kadi ya 7.1 haitakuongezea sauti

"Papa, nichukue kadi ya 7.1 ao ya 5.1?" Swali hili linanifuata kwenye simu kutoka Masisi-centre, kutoka Mweso, kutoka Mubi kule Walikale, na karibu kila mara linakuja na picha ya kidude kilekile: plagi ya USB upande mmoja, matundu mawili upande wa pili, na katikati maandishi ya kung'aa yanayotangaza chaneli 7.1. Muulizaji ni dijei wa harusi, wa matanga au wa nganda (baa), ana laptopu ya mtumba na anataka sauti "ya nguvu". Nimejibu kwa ujumbe, nimejibu kwa mdomo, nimejibu nikiwa nimepiga magoti nyuma ya ampli huku bibi harusi anasubiri kuingia. Sasa najibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitamtumia ukurasa huu bila hata salamu.

Kidude kile hakina 7.1. Tuanze na hesabu, maana haihitaji kifaa. Chaneli 7.1 ni nane: saba za spika za kawaida na moja ya besi. Sasa tazama plagi ya hedifoni zako, ile ya milimita 3.5. Ina sehemu tatu za chuma zilizotenganishwa na pete mbili za plastiki: ncha inabeba kushoto, ya katikati inabeba kulia, ya mwisho ni ardhi. Tundu moja, chaneli mbili. Chaneli nane zinadai matundu manne ya kutolea sauti. Kidude chako kina mangapi? Moja. Lile jingine lina alama ya maikrofoni, ni la kuingizia. Chaneli sita zimepotelea wapi?

Ukibisha, tia ukucha kwenye mshono wa plastiki ukifungue. Utakuta kibao cha upana wa kidole gumba, kapasita chache na chipu moja, mara nyingi imefichwa chini ya tone la gundi jeusi. Kwa kawaida ni CM108 ya kampuni ya C-Media, au ndugu yake, au nakala yake. Kazi ya chipu hiyo inajulikana: stirio ya biti 16, kilohezi 48 mwisho. Hiyo 7.1 iliyoandikwa kwenye boksi ni programu inayokaa ndani ya Windows. Inachukua chaneli nane za filamu, inazikoroga ziwe mbili, inaongeza mwangwi na ucheleweshaji kidogo ili aliyevaa hedifoni adhani gari linapita nyuma ya kichwa chake. Kwa kutazama filamu kitandani sina ugomvi nayo. Lakini wimbo wa Fally Ipupa una chaneli mbili tangu ulipotoka studio, na hakuna kadi duniani itakayozaa nyingine sita.

Tena huo mkorogo unadhuru. Sono (mitambo ya sauti) nyingi za huku ni mono: ampli moja, bafle (spika) mbili au nne, zote zinapokea kitu kilekile. Na ndivyo inavyotakiwa, maana anayecheza upande wa jikoni hataki kukosa gitaa la solo kwa sababu liko bafle ya upande wa pili. Programu ya 7.1 hudanganya sikio kwa kuchelewesha na kugeuza mawimbi ya upande mmoja. Miksa ikijumlisha pande hizo mbili kuwa mono, wimbi linalopanda hukutana na lile linaloshuka, yanafutana. Besi inakonda. Mwimbaji anaanza kuimba kama yuko ndani ya pipa. Dijei anasikia udhaifu, anapandisha sauti, taa nyekundu ya ampli inawaka na kubaki imewaka, na kabla ya keki kukatwa twita zimeungua. Kisha ananiandikia: Papa, ninunue kadi gani yenye nguvu zaidi?

Nguvu! Tundu la USB la kawaida, lile la USB 2.0, hutoa volti 5 kwa ampea 0.5. Zidisha: wati 2.5. Hata kadi ikila zote na kuzitoa zote kama sauti, jambo lisilowezekana, hakuna ukoo wa Masisi utakaocheza kwa wati 2.5. Kazi ya kadi ni kutoa ishara ndogo, safi. Nguvu ni kazi ya ampli na bafle. Mwenye bafle iliyopasuka akinunua kadi, atakuwa na kadi mpya na bafle iliyopasuka.

"Lakini nilipoichomeka, sauti ilibadilika." Nakubali, na sababu ni mbili. Ya kwanza, draiva zake nyingi huja na besi na sauti zimeshapandishwa, na sikio la binadamu huchukua kinachopiga juu zaidi kuwa ndicho kizuri zaidi. Muuzaji anayekulinganishia kadi mbili bila kusawazisha sauti anakuuzia volyumu. Ya pili ina haki yake: tundu la hedifoni la laptopu ya mtumba limechomekwa na kuchomolewa kwa miaka, linacheza, upande mmoja unakatika. Kidude kimekupa tundu jipya. Hapo kimefanya kazi ya halali, ila hata cha bei ya chini kabisa, kisichotaja 7.1 popote, kingeifanya.

(Bati la Bisie huko Walikale huishia kwenye lehemu ya vibao kama hivi, na koltani ya Rubaya kwenye kapasita za laptopu. Tunaoishi juu ya mali hiyo tunarudishiwa takataka zenye maandishi ya dhahabu. Basi angalau tusizilipie mara mbili.)

Kundi la pili linanunua kadi ili kuondoa mvumo, ule mngurumo wa chini unaosikika kabla wimbo haujaanza. Kabla ya kutoa dola yoyote, chomoa chaja ya laptopu huku muziki umesimama. Mvumo ukikatika, kadi haina kosa; umeme unaingia kupitia chaja na kutafuta ardhi kwa njia ya waya wa sauti. Tunapopigia, umeme unatoka kwenye grupe (jenereta) au kwenye betri za sola zenye inverta ya bei nafuu, ile isiyotoa wimbi laini, na chaja inapitisha uchafu wote huo. Piga kwa betri ya laptopu ikiwa inahimili. Chomeka laptopu, miksa na ampli kwenye rundo moja la soketi. Ikishindikana, weka kitenganishi chenye transfoma ndogo kati ya laptopu na miksa. Ni kidude kingine kidogo, lakini hiki kinafanya kilichoandikwa juu yake. Na usikate pini ya ardhi ya ampli. Nimewakuta waliokata na bado wanajisifu. Siku waya ukigusa bodi ya ampli, atakayeshika maikrofoni ndiye atakayelipa.

Kwa hiyo dijei anahitaji nini kwenye kadi? Njia mbili za stirio zinazojitegemea: moja ya watu, moja ya sikio lako, ili usikilize wimbo unaofuata kabla watu hawajausikia. Ukinunua, hesabu njia za kutolea, basi. Biti 24 na kilohezi 192 waachie wanaorekodi.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni waya wa kugawa, unaopeleka upande wa kushoto kwenye miksa na wa kulia kwenye hedifoni. Programu ya Virtual DJ ina mpangilio wake tayari, na kwa kuwa sono yako ni mono hupotezi kitu. Angalia tu usiuziwe waya wa kusikiliza watu wawili, ule unarudia kilekile pande zote. Njia ya pili ni kadi mbili: Behringer UCA202 au kile kidude chako kiende kwenye sono, programu yake ya 7.1 ikiwa imezimwa, na tundu la laptopu libaki kwa hedifoni. Virtual DJ inakubali, Mixxx inakubali. Hedifoni zinaweza kuchelewa kidogo, utazoea. Usidanganywe na tundu la hedifoni la hiyo UCA202, linatoa sauti ileile inayokwenda kwa watu. Ipo pia 5.1 ya kweli, yenye matundu matatu ya kutolea: la mbele liende kwa watu, la nyuma liende sikioni. Huyo ndiye 5.1 pekee ninayemheshimu, na wanaomnunua huwa hawajui kwa nini anawafaa.

Mwenye pesa anunue kontrola yenye kadi ndani, asahau habari za kadi. Numark DJ2GO2 Touch ni ndogo ya kubeba na ina njia zote mbili. Hercules Inpulse 200 inatosha kujifunzia na kulipwa. Pioneer DDJ-FLX4 ni hatua ya juu, inakula umeme wa USB tu, ina RCA za kwenda kwenye miksa. Jihadhari na DDJ-200: jina kubwa, sura nzuri, haina kadi ndani, ndiyo maana boksi lake lina waya wa kugawa. Kwa programu, Mixxx ni ya bure, haidai leseni wala mtandao. Kupiga nyimbo moja kwa moja kutoka intaneti ukiwa Walikale, tusilijadili.

Mwisho, hifadhi ya nyimbo. Toa diski ngumu ya kuzunguka, weka SSD. Kwa laptopu ya zamani hakuna badiliko kubwa kuliko hilo. Diski ile inazunguka mara 5,400 kwa dakika, kichwa chake kikielea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na wewe umeiweka mezani kando ya bafle ya besi baada ya kuipitisha kwa pikipiki barabara ya Sake. Wimbo ukikwama katikati ya seben usilaumu kadi. Ukubwa haukupi shida: MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 2.4 kwa dakika, hivyo nyimbo elfu kumi za dakika tano zinaingia kwenye gigabaiti 128. Lakini faili la kilobiti 128 lililogeuzwa kuwa 320 limeongezeka uzito tu, kilichokatwa hakirudi. Nakala ya pili iwe kwenye flashi, na flashi isikae mfuko mmoja na laptopu.

Na flashi ya "terabaiti 2" kwa bei ya soda chache ni ya gigabaiti 32, au chini ya hapo, iliyofundishwa kusema uongo: ikijaa inapokea nyimbo mpya na kufuta za zamani kimyakimya, majina yanabaki kwenye orodha na ndani hamna kitu. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, zote za bure. Jaribio linachukua saa nyingi, kwa hiyo lifanye siku ileile ya kununua, kabla muuzaji hajahamisha meza.