Umeme wa Moyo wa Mkimbiaji wa Kilimanjaro

Mbio za Kilimanjaro, ambazo huvuta maelfu ya wakimbiaji mjini Moshi kila mwaka mwezi Februari unapokaribia kwisha, huanzia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kimo cha mita 830 hivi, na kupanda hadi Mweka, kiasi cha mita 300 juu zaidi. Moyo uliozoeshwa kazi hiyo kwa miaka mingi hubadilika umbo, na hubadilika pia namna unavyozalisha na kupitisha umeme wake, kiasi kwamba alama zake, zikisomwa na asiyezifahamu, zaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa.

Kila pigo huanzia kwenye kundi dogo la seli lililo katika chumba cha juu cha upande wa kulia. Umeme unaotoka hapo husambaa katika vyumba viwili vya juu, hucheleweshwa kidogo ili damu ipate kushuka, kisha hupita kwa kasi katika vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mapafuni na mwilini. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, ndiye aliyeunda chombo cha kuchora safari hiyo kwa usahihi, na herufi zake zingali zinatumika katika kipimo kiitwacho ECG: P ni wimbi la vyumba vya juu, QRS ni la vyumba vya chini, na T huonyesha vyumba vya chini vikijiandaa upya.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ilhali wa mkimbiaji wa masafa marefu waweza kushuka hadi 40 au chini yake, kwa kuwa chumba cha chini cha kushoto kimepanuka na kila pigo hutoa damu nyingi zaidi. Upanuzi huo si habari mpya: mwaka 1899 daktari wa Sweden, Salomon Henschen, aliutambua kwa washindani wa kuteleza thelujini kwa kugonga vifua vyao kwa vidole tu. Kuhusu upole wa mapigo, maelezo ya zamani yaliuhusisha na neva ya vagasi, ambayo hupunguza kasi ya moyo, lakini utafiti wa mwaka 2014 juu ya panya waliofanyishwa mazoezi ulionyesha kwamba hata seli zinazoanzisha pigo hubadilika zenyewe. Kwenye karatasi ya ECG, mawimbi ya QRS huwa marefu, nafasi kati ya P na QRS hupanuka, na pengine pigo moja hurukwa, lakini hitilafu hiyo hutoweka mara mwanamichezo anapoanza kukimbia, jambo ambalo ni dalili njema.

Ugumu mkubwa uko katika wimbi la T. Kwa wanamichezo Weusi, wimbi hilo laweza kupinduka katika vipimo vya kifuani vya V1 hadi V4, baada ya mstari unaolitangulia kuinuka kama kuba, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unalihesabu hilo kuwa la kawaida iwapo mhusika hana dalili wala historia ya ugonjwa katika familia. Likipinduka katika V5 au V6, uchunguzi ni lazima, kwa kuwa huenda misuli ya moyo imenenepa kwa ugonjwa wa kurithi, kama ule uliogunduliwa kwa mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kamerun baada ya kuanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003. Sehemu kubwa ya ushahidi wa mwongozo huo ilikusanywa kwa wanamichezo Weusi wanaoishi Uingereza na Ufaransa, na inasikitisha kwamba wakimbiaji wa Afrika Mashariki, wanaosifiwa duniani kote, wana nafasi ndogo mno ndani yake.

Kwa waongozaji na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, huongezeka suala la kimo, kwani kileleni Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, oksijeni inayopatikana ni takriban nusu ya ile ya pwani, shinikizo katika mishipa ya mapafu hupanda, na upande wa kulia wa moyo hulemewa, hata mawimbi ya ECG yakaelekea upande huo.

Daktari wa hospitali ya KCMC mjini Moshi au wa zahanati ya kijijini hana budi basi kuuliza kabla ya kuhukumu. Kuzirai baada ya kuvuka mstari wa mwisho mara nyingi hutokana na damu kutuama miguuni mkimbiaji aliposimama ghafla, lakini kuzirai katikati ya mbio, au kuwa na ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, humpasa mkimbiaji kusitisha mazoezi hadi moyo wake upigwe picha.