Kakao Juani, Radi Juu

Saa nane alasiri, Mavivi, karibu na mji wa Beni, jua bado kali. Kakao imetandazwa juu ya turubai kando ya barabara ya Oicha, na mama mmoja anaigeuza kwa nyayo, polepole, mstari baada ya mstari. Upande wa Ruwenzori wingu limeshasimama: chini jeusi, juu jeupe, kichwa kimetanuka kama uyoga. Ngurumo ya kwanza inasikika. Mama haingii ndani, anaita watoto. Watu wanne, kila mmoja na pembe yake ya turubai, wanakimbizana na mvua. Kakao ikilowa itaota ukungu, na mnunuzi akinusa ukungu anashusha bei. Hesabu hiyo kila nyumba ya Mavivi inaijua. Ya radi ndiyo hatujafundishwa.

Mwaka 2016 wanasayansi waliopitia kumbukumbu za setilaiti za miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013, walipanga mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza. Kabare ya Kivu Kusini ilikuwa ya pili, Kampene ya Maniema ya tatu, Sake, pale karibu na Goma, ya tano. Butembo, jirani yetu, ilikuwa ya tisa, kwa mimweko kama 129 katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Setilaiti huhesabu hata radi zinazobaki mawinguni, kwa hiyo si zote hizo zinazofika chini. Hata hivyo, kuwa wa tisa duniani si jambo dogo kwa mji ambao shule zake nyingi hazina paratoneri, yaani kinga ya radi.

Sababu tunaishi nayo. Hewa yenye unyevu hutoka msituni, ikafika kwenye milima yetu na Ruwenzori yenye mita 5,109, ikasukumwa juu huku ardhi iliyochomwa na jua la mchana ikiisukuma kutoka chini. Huko juu vipande vya barafu vinagongana na kusuguana, chaji za umeme zinatengana, wingu linajaa. Ndiyo maana alasiri ni hatari kuliko asubuhi, na alasiri ndiyo saa ya kuanua kakao.

Kinachonisumbua zaidi ni mazoea ya miili yetu. Watu wa Beni wamefunzwa na misiba miwili mikubwa. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yalitufundisha kwamba ukisikia mlipuko unalala chini kifudifudi, au unakimbilia porini na kujificha kwenye miti. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Hiyo ilitufundisha kutomgusa aliyeanguka. Mafunzo hayo yaliokoa watu. Kwa radi, yote mawili yanaua.

Chukua la kulala chini. Radi ikipiga mti au ardhi, umeme haukomei pale ulipopiga. Unatambaa udongoni kwenda pande zote, ukipungua kadiri unavyokwenda. Mwili uliogusa ardhi mahali pawili palipo mbali mbali unaupa umeme njia: unaingia huku, unatokea kule. Kwa sababu hiyo ng'ombe hufa kundi zima chini ya mti mmoja, kwani miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Mtu aliyelala amejifanya ng'ombe. Mtu akinaswa uwanjani bila pa kukimbilia, achuchumae, miguu imebanana, mbali na mti na mbali na wenzake. Radi moja inaweza kuua wengi kwa pamoja: mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya huko Kiryandongo, Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18.

Mti nao hauachi kumdhuru aliyejikinga chini yake, maana umeme huruka kutoka shinani kuingia kwenye mwili ulio karibu. Mikaratusi yetu mirefu, iliyopandwa hadi ukutani mwa nyumba, inastahili kutazamwa upya kwa jicho hilo. Mabati hayaiti radi, wala kitambaa chekundu, wala kioo. Kufunika kioo hakudhuru, ila hakusaidii. Pa kukimbilia ni jengo kubwa lenye nyaya na vyuma vilivyofungwa hadi ardhini, au gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa. Pikipiki si gari. Nyumba ya miti na udongo haikingi vya kutosha. Kama ndiyo uliyo nayo, kaa katikati, mbali na ukuta na mlango, na uchomoe simu kwenye waya wa sola kabla wingu halijafika.

Kabla halijafika ni lini? Hesabu. Ukiona mmweko, anza moja, mbili, tatu, hadi ngurumo isikike. Sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ngurumo ikisikika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inayofuata inaweza kuwa yako: ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwa mlinzi wa hesabu hiyo, na ataipenda.

Sasa la kutogusa. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini, wala hakuna cha kuambukiza. Akionekana amekufa, mara nyingi moyo na pumzi vimesimama tu, na vinaweza kurudi. Mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta wa kumpeleka hospitali. Mwenye kujua kumpulizia pumzi mdomoni ampulizie. Wakiwa wameanguka wengi, anza na asiyepumua. Anayelia ana muda. Nimeona dakika hizo zikiishia kwenye swali la nani kaituma radi. Sigombani na imani ya mtu, ila swali hilo linaweza kungoja nusu saa. Kifua hakiwezi.

Si mazoea yote ya misiba yanayotudanganya; kuhusu tetemeko la ardhi nitasema kidogo tu. Lile la tarehe 20 Machi 1966 katika bonde la Semuliki liliangusha nyumba upande wetu na upande wa Uganda, usiku watu wakiwa wamelala. Kwa tetemeko lile fuko la kukimbia, lenye karatasi za watoto, tochi na dawa, ambalo nyumba nyingi za hapa zinalo tayari mlangoni, linafaa vilevile.

Kwa radi fuko halisaidii. Kinachosaidia Mavivi ni meza ya kukaushia iliyoinuliwa kutoka chini, yenye kipaa chepesi cha plastiki kinachovutwa juu yake. Fito, misumari, plastiki nene. Seremala wa kijiji anaimaliza kwa siku mbili. Wingu likisimama mtu mmoja anavuta plastiki mara moja, anaingia ndani, anaanza kuhesabu.