Meno ya Kuvaa: Mdomo Huamuliwa Siku ya Nta

Ukiwa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, unaweza kutafuta meno ya kuvaa Machakos mjini au Nairobi. Wengi huuliza kwanza bei ya jino moja. Mimi ningeanza na nauli. Seti kamili huchukua safari kama 5: vipimo viwili vya ufizi, kupima taya zinavyokutana, kujaribu meno yakiwa kwenye nta, kisha kuyachukua. Ongeza 2 au 3 za kusugua panapochoma. Zidisha nauli, hesabu siku za kazi ulizopoteza, ndipo ulinganishe bei.

Safari usiyokubali irukwe ni ya nta. Meno ya mbele ya juu yakishatoka, mfupa husinyaa, haraka zaidi mwaka wa kwanza, na mdomo huingia ndani. Kinachourudisha ni mkao wa meno pamoja na ule ukuta wa waridi unaofunika ufizi kwa mbele. Ukiwa mwembamba mno, uso hubaki umezama. Ukiwa mnene, utadhani nyuki amekuuma. Siku hiyo keti wima, ucheke, useme "sitini na sita". Beba picha yako ya zamani, uje na mtu wa nyumbani anayeujua uso wako. Nta husogezwa kwa dakika chache. Plastiki ya akriliki inayochukua nafasi yake ikishaiva, marekebisho makubwa ni gharama mpya. Anayekuahidi meno kamili kesho, muulize utayajaribu lini.

Kati ya aina za meno haya, akriliki ndiyo nafuu: ikivunjika huungwa, jino jingine likitoka huongezewa. Nailoni laini haina waya unaoonekana, ila hugharimu zaidi na ni shida kuiunga. Fremu ya kobalti na kromu ni nyembamba, imara na ghali zaidi. Humfaa aliyebakiwa na meno madhubuti ya kuishikilia. Kama umeng'olewa juzi, chukua akriliki bila kuona haya. Mfupa wako bado unabadilika, na pesa uliyookoa utaihitaji baada ya miezi michache, meno yatakapolegea na kutaka kujazwa upya kwa ndani.

Tena kuna rangi. Sehemu nyingi za Ukambani, floridi ya maji ya visima imewatia watu meno ya kahawia tangu utotoni. Jino jeupe pe katikati ya hayo litakusema kabla hujafungua kinywa vizuri. Omba lifananishwe na jirani zake, kwenye mwanga wa dirishani, kabla hujalipa salio.