Je, Wajua? Kutoka Darasa la Uigizaji hadi Oscar

Kikopey, pale barabara kuu ya Nairobi–Nakuru inapolikaribia Ziwa Elmenteita, mbuzi haharakishwi. Unachagua mguu au mbavu, unapimiwa kwa kilo, kisha unaachia moto ufanye kazi yake. Hizi hapa stori za kuwapa wenzako mezani kabla kachumbari haijafika: watu waliosomea uigizaji, na mahali elimu hiyo ilikowafikisha.

Jirani wa Elmenteita aliyeigizwa sinemani

Mwanamke aliyeishi karibu tu na Kikopey aliigizwa katika filamu ya Uingereza mwaka uleule aliofariki. Diana, mke wa Lord Delamere wa nne, mwenye shamba la Soysambu kando ya Elmenteita, ndiye aliyekuwa kiini cha kisa cha Lord Erroll, aliyepigwa risasi karibu na Nairobi Januari 1941. Filamu ya kisa hicho, White Mischief, ilitoka 1987, na aliyemwigiza Diana ni Greta Scacchi, mhitimu wa Bristol Old Vic Theatre School. Humo ndani walikuwemo pia John Hurt, Sarah Miles na Trevor Howard, wote watatu wakiwa zao la RADA, shule ya uigizaji iliyoanzishwa London mwaka 1904. Hebu fikiria: umbea wa walowezi wa Bonde la Ufa ulihitaji shule mbili za drama kuusimulia!

Filamu kubwa ya kwanza, Oscar mkononi

Lupita Nyong'o alipewa nafasi katika 12 Years a Slave kabla hata hajavaa joho la kuhitimu Yale mwaka 2012. Filamu ikatoka 2013, na tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akawa Mkenya wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Lakini usidhani aliibuka ghafla kama uyoga. Akiwa na miaka 14 alikuwa ameshamwigiza Juliet wa Shakespeare na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi, na The Constant Gardener ilipopigwa picha nchini, yeye alikuwa miongoni mwa wasaidizi nyuma ya kamera.

Usiku uleule, dereva wa limozini

Katika sherehe hiyohiyo ya 2014, Msomali ambaye hakuwahi kusomea uigizaji naye alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar. Barkhad Abdi alikuwa amewahi kuendesha limozini mjini Minneapolis, akaenda kwenye majaribio yaliyokuwa wazi kwa kila mtu, akatoka na nafasi ya kiongozi wa maharamia katika Captain Phillips. Oscar ilimponyoka, ila BAFTA ya Uingereza aliichukua. Shule hufungua mlango, lakini wapo wanaopitia dirishani.

Wakanda ilijaa wanafunzi wa Yale

Malkia Ramonda, jasusi Nakia na M'Baku wa milimani, wote watatu katika Black Panther ya 2018, walichezwa na wahitimu wa shule moja ya drama. Angela Bassett alimaliza Yale mwaka 1983, Lupita 2012, naye Winston Duke mwaka mmoja baadaye. Kumbuka pia kwamba Meryl Streep, aliyemwigiza Karen Blixen katika Out of Africa mwaka 1985, alihitimu hapohapo mwaka 1975. Kwa hiyo mlowezi wa Ngong na mashujaa wa Wakanda walinolewa jiwe moja.

Goti lililomzaa mwigizaji

Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda chuo kikuu cha California, Santa Barbara, ndoto yake ikiwa mpira wa vikapu. Goti likaumia, akajiandikisha kwa somo la uigizaji akidhani ndilo rahisi kuliko yote. Somo hilo rahisi lilimfikisha hadi shahada ya uzamili ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha New York, kisha Twilight mwaka 2008, X-Men: First Class mwaka 2011, na Mister Terrific katika Superman ya 2025. Kijana akiumia uwanjani, usimwambie maisha yamekwisha.

Kiswahili katikati ya New York

Agosti 2025, kwenye jukwaa la wazi la Delacorte ndani ya Central Park, wahusika wa Shakespeare walizungumza Kiswahili. Mchezo ulikuwa Twelfth Night, na pacha wawili waliotenganishwa na dhoruba waliigizwa na ndugu wa damu: Lupita na kaka yake Junior Nyong'o. Mwelekezi alikuwa Saheem Ali, Mkenya mwenzao, ambaye pia ameelekeza Fat Ham na Buena Vista Social Club huko Broadway. Ukumbi huo huchukua karibu watu 1,800, na tiketi zake hutolewa bure. Kiswahili chetu kiliwafikia watu ambao wengi wao hawakujua salamu yake.

Daktari aliyekosa pa kulala

Mtu wa kwanza mweusi kuongoza mfululizo wa Doctor Who wa BBC kama nyota wake mkuu alizaliwa Rwanda. Ncuti Gatwa alipelekwa Scotland akiwa mtoto mdogo, familia yake ikikimbia mauaji ya kimbari ya 1994. Alihitimu 2013 katika chuo cha taifa cha sanaa za jukwaani jijini Glasgow, lakini cheti hakikulipa kodi: kabla ya kupata Sex Education alipitia miezi ya kulala kwa marafiki, leo huku, kesho kule. Baada ya hapo milango ikafunguka mfululizo.

Fisi wa Hell's Gate na dada wa Kampala

Wachoraji wa The Lion King ya 1994 walifunga safari hadi Kenya kutafuta mandhari, na miamba ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, iliwapa mengi ya kuchora. Filamu hiyo iliposukwa upya 2019, sauti ya fisi Shenzi ilitolewa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani na kusomea uigizaji, uimbaji na densi nchini Uholanzi. Huyohuyo ndiye Ayo, mlinzi mwenye kipara wa Wakanda. Alianza mwaka 2016 na onyesho lisilomaliza dakika katika Captain America: Civil War, na likampa nafasi ya kudumu.

Babu wa darasa la kwanza

Kimani Maruge wa Eldoret alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Filamu ya maisha yake, The First Grader ya 2010, iliwakutanisha waigizaji wasiofanana hata kidogo: Maruge alichezwa na Oliver Litondo, aliyejulikana Kenya kama mtangazaji wa habari, na mwalimu wake akawa Naomie Harris, mhitimu wa Bristol Old Vic, shule ileile ya Greta Scacchi. Wanafunzi waliowazunguka walikuwa watoto wa shule kwelikweli. Miaka michache baadaye Naomie aliteuliwa kuwania Oscar kwa Moonlight.

Waliosomea hapahapa nyumbani

Mwanamke wa kwanza wa Kenya kuelekeza filamu ndefu hakuvuka bahari kutafuta mafunzo ya awali. Anne Mungai alisomea Kenya Institute of Mass Communication, Nairobi, akatoa Saikati mwaka 1992. Ng'ambo ya mpaka, Penina Muhando alisomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika tamthilia kama Hatia na Nguzo Mama, akafundisha, na hatimaye akawa miongoni mwa wakuu wa chuo hichohicho. Mwenzake Amandina Lihamba, profesa wa fani hiyo, ndiye nyota wa Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar, mwaka 2001. Iliyofuata, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ilitengenezwa miaka 20 baadaye.

Seti buku hulipa kodi ya nyumba

Waigizaji wengi wa Kenya hawaishi kwa sinema, wanaishi kwa seti buku. Vikundi huzunguka shule za upili vikiigiza vitabu vinavyotahiniwa, leo Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, miaka ya nyuma A Doll's House ya Ibsen, tamthilia ya mwaka 1879. Mjini Nakuru, ukumbi wa Nakuru Players Theatre ni nyumba ya zamani ya kazi kama hizi. Hadhira yenyewe haina huruma: mtahiniwa ameweka kitabu magotini, na ukiruka mstari mmoja tu, safu nzima inageuka kunong'onezana. Hakuna mtihani wa chuo unaomkomaza mwigizaji kuliko huo.

Mchezo uliovuma bila kuchezwa

Tamasha za kitaifa za drama za mwaka 2025 zilifanyika Nakuru, na mchezo uliozungumziwa kuliko yote haukuigizwa. Ulikuwa Echoes of War wa Shule ya Wasichana ya Butere. Tarehe 10 Aprili, baada ya mwandishi wake, aliyekuwa seneta Cleophas Malala, kukamatwa, wasichana hao waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Tamasha hizi zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 60, nazo ndizo shule ya kwanza ya uigizaji kwa watoto wengi wa Kenya, iwe wanatoka Butere au Gilgil.

Karo ya Yale: sufuri

Shule iliyomfunza Lupita haitozi karo tena. Mwaka 2021 tajiri wa burudani David Geffen aliipa dola milioni 150, na tangu hapo wanafunzi wake wa muda wote husoma bila kulipia masomo. Badilisha dola kwa shilingi 129 na utapata zaidi ya shilingi bilioni 19. Kwa hiyo mzazi, mwanao akirudi kutoka tamasha za drama na kombe mkononi, usimuulize atakula nini. Muulize atajaza fomu lini.