Kinga Iliyopungua na Kinga Iliyopotoka: Istilahi za Maradhi ya Mwili Kujishambulia

Miongoni mwa dhana za utabibu zinazowatatiza wafasiri ni ile ya maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu vitokavyo nje, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana hiyo na uhusiano wake na umri, pamoja na tofauti za mwanamke na mwanamume, kisha tupendekeze istilahi zifaazo.

Mfasiri mwenye haraka huweza kuandika "maradhi ya upungufu wa kinga". Tafsiri hiyo haifai. UKIMWI ni kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na kila asomaye maneno hayo huufikiria ugonjwa huo. Mwanamke mwenye lupasi ambaye cheti chake kimeandikwa hivyo aweza kudhaniwa kuwa ana virusi vya UKIMWI, na jamaa zake wakamtenga bure. Katika UKIMWI kinga hupungua. Katika lupasi kinga hupotoka, ikaunda kingamwili zinazodhuru ngozi, viungo na figo. Wengine husema "kinga kujishambulia", lakini kinachoshambuliwa ni mwili, wala si kinga. Kwa hiyo twapendekeza "maradhi ya mwili kujishambulia".

Jambo la pili ni matumizi ya "jinsi" na "jinsia". Yafaa "jinsi" litumike kwa tofauti za maumbile, na "jinsia" kwa nafasi ambayo jamii humpa mwanamke au mwanamume. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, takriban 9 ni wanawake. Sababu moja imo katika kromosomu: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja. Ingawa X moja ya mwanamke hunyamazishwa, baadhi ya jeni zake huendelea kufanya kazi, ikiwemo TLR7 ambayo huiamsha kinga. Wanaume wachache waliozaliwa na X ya ziada nao hupata lupasi zaidi kuliko wanaume wengine. Homoni kama estrojeni pia huchangia. Haya yote ni mambo ya jinsi. Lakini mgonjwa akichelewa kufika hospitali kwa kuwa hana ruhusa ya kusafiri bila mumewe, hilo ni jambo la jinsia. Hata hivyo, tusiyaite maradhi haya "ya kike", kwani kisukari cha aina ya kwanza huwapata watoto wa kiume na wa kike kwa viwango vinavyokaribiana.

Jambo la tatu ni "uzee" na "kuzeeka". Uzee ni hali. Kuzeeka ni mwendo, nao huanza mapema. Tezi ya thimasi, ambamo baadhi ya chembe nyeupe za damu hufunzwa kutoushambulia mwili, husinyaa hasa baada ya balehe. Kadiri umri unavyosonga, kingamwili zinazoulenga mwili huonekana kwa watu wengi zaidi, hata wasiougua. Lakini kila ugonjwa una wakati wake. Kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi huanza utotoni. Lupasi huanza zaidi kati ya miaka 15 na 44, nayo ikianza uzeeni, tofauti kati ya wanawake na wanaume hupungua. Baridi yabisi ya mwili kujishambulia, ambayo huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume, yaweza kumpata hata mama kijana. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi kwamba baridi yabisi ni "ugonjwa wa wazee", mama huyo atavumilia viungo vilivyovimba akidhani ni uchovu, hali vinaendelea kuharibika.

Kwa muhtasari, twapendekeza "maradhi ya mwili kujishambulia" kwa dhana yenyewe, "tofauti za jinsi" kwa mambo ya maumbile, na "kuzeeka kwa kinga" kwa mabadiliko yaletwayo na umri. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaombwa wayapime maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hususan wale wanaoandika vyeti na matangazo ya afya, kwa kuwa huko ndiko neno lisilofaa humfikia mgonjwa kwanza.