Fundi wa Pampu Hakuiba Waya



Fundi mmoja wa hapa Base Camp, Nakivale, amekatwa mshahara wa wiki mbili. Ati ameiba waya! Pampu ya sola ilikwama kisimani, akaitoa, na tajiri wake akahesabu waya za mota: tatu tu. Tajiri huyo alikwisha kuona Mbarara mota ya pikipiki ya umeme, yenye waya tatu nene na tano nyembamba. Akauliza, "Zile nyembamba umeuza wapi?"

Sisi tulikwenda kuitazama mota hiyo. Hakuna kilichoibiwa, na tunaeleza sababu ili kila fundi aweze kujitetea.

Mota ya namna hii ina rota yenye sumaku, na kuizunguka kuna koili za shaba za mafungu matatu. Kontrola hupeleka umeme katika mafungu mawili, la tatu likipumzika, kisha zamu hubadilishwa. Lakini zamu haiwezi kwenda sawa bila kontrola kujua sumaku zimefika wapi. Katika pikipiki habari hiyo huletwa na sensa tatu ndogo, zinazotumia jambo alilogundua Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879. Zile waya tano nyembamba ni za hizo sensa.

Kisimani ni taabu. Waya ni ndefu, maji yako kila upande, na sensa ikifa utaitoa pampu nzima kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya mchele. Basi waundaji waliziacha. Kontrola yenyewe husikiliza lile fungu linalopumzika: sumaku ikipita hapo huzalisha umeme kidogo, kama Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Umeme huo unapogeuka kutoka chanya kwenda hasi, mahali pa rota pamejulikana.

Ubaya ni kwamba rota iliyosimama haizalishi kitu, kwa hiyo mwanzoni kontrola husukuma kama kipofu. Pampu ya mapangaboi huanza nyepesi, huvumilia. Bodaboda yenye abiria mlimani ingeshtukashtuka tu, ndiyo maana sensa hazikuondolewa huko.

Tulipima hivi. Kwanza tulitenganisha paneli, maana jua halina swichi. Tukafungua upande wa pampu, tukazungusha shafti kwa mkono: waya zikiwa zimeachana ilikuwa nyepesi. Tukaziunganisha mbili mbili. Mota nzima huwa nzito kwa kila jozi; hii ilikuwa nzito kwa jozi moja tu. Waya moja ilikuwa imekatika kwenye kiungo, chini ya utepe ulioingiza maji. Kiungo hicho, kwa habari ya tajiri, hakukifunga fundi wetu. Pampu ilikuja nacho.

Kiungo kimefungwa upya na maji yanatoka. Mshahara bado haujarudishwa. Jumatatu tunakwenda kwa tajiri tena, na mota ya mfano mkononi.